Waliona utungu?

Juni 2023, siku chache kabla ya Idi kubwa, kusi imekaza, maboti mengi yamefungwa tu, na nyumbani kwetu Langoni, hapa Lamu, televisheni haikuzimwa siku nne. Mnakumbuka vile dunia nzima ilikuwa inahesabu saa, saa 96 za hewa. Chombo kidogo kinaitwa Titan kilikuwa kimeteremka Jumapili tarehe 18 kule Atlantiki ya kaskazini kwenda kuangalia mabaki ya Titanic, ndani watu watano, mmoja kijana wa miaka 19 na babake, na baada ya kama saa moja na dakika arubaini na tano kikanyamaza. Basi kila nikipita ukumbini bibi yangu ananiuliza, "Hawayaonekana?" namjibu bado bibi, anarudi kwa tasbihi yake.

Alhamisi usiku wakatangaza kwamba vipande vimeonekana chini kabisa, kama mita 500 kutoka omo ya Titanic, na kwamba hakuna aliyepona. Bibi akanyamaza. Alafu akaniita nikae kitandani karibu yake akaniuliza, "Waliona utungu?" Kwa wasiojua Kiamu, utungu ndio uchungu, yaani anauliza kama waliumia.

Nikamjibu mbio mbio, hapana bibi, ilikuwa kufumba na kufumbua tu.

Akaniangalia kitambo. Akasema, "Kufumba na kufumbua mtu huona mengi, mwanangu."

Nilishindwa cha kusema, na nilijua kwa nini anauliza, nitafika huko. Lakini lile swali nililibeba, nikawa usiku nasoma na kupiga hesabu, na hii ninayoandika leo ni majibu yangu kwake, manake hata baada ya miaka hii bado watu wananitumia zile klipu za uongo za watu wakipiga mayowe ndani ya chombo, na kila nikiziona roho inaniuma. Wale watu wana mama zao na ndugu zao wanaofungua simu kama sisi. Kuna hata mazungumzo yaliyoandikwa yalisambazwa ati ni ya Titan na meli yake, kengele zinalia, watu wanahangaika kurudi juu, na wachunguzi wa Marekani walishasema yale ni ya kutungwa.

Kwanza neno lenyewe. Wengi wanaandika "mlipuko wa ndani" na mimi silipendi hilo jina hata kidogo, kwa sababu hakuna kilicholipuka. Kulipuka ni kitu cha ndani kutoka nje. Hapa cha nje ndio kiliingia. Sisi tuna neno letu zuri tu, debe likikaliwa tunasema limebonyea, na aliyesoma fizikia kidato cha kwanza anakumbuka mwalimu akichemsha maji kidogo ndani ya debe, analifunga kifuniko, analimwagia maji baridi, na lile debe linajikunja lenyewe kwa kishindo mbele ya darasa. Hakuna aliyeligusa. Ni hewa hii hii tunayotembea ndani yake ndio imelibonyeza, mara ile mvuke ulipopoa ukawa maji na ndani pakabaki patupu.

Sasa hiyo ni hewa. Bahari ni nzito zaidi na wapiga mbizi wetu wanaijua kwa masikio yao. Ukishuka mita kumi umejibebesha uzito mwingine sawa na wa anga lote lililo juu yako, na kila mita kumi unaongeza tena mmoja. Ukitaka kuona kwa macho chukua chupa tupu ya maji ya plastiki, ifunge vizuri, shuka nayo. Mimi nilifanya hivyo nikiwa kijana nje ya Manda, kwa mita kumi chupa ilikuwa imebonyea mbavu zote, hewa yake imebaki nafasi ya nusu, nikarudi nayo juu ikafunguka taratibu mkononi na ule mlio wa plastiki. Kwa mita ishirini hewa ingebaki theluthi, kwa thelathini robo.

Titan ilikuwa mita 3,346 ilipotuma ujumbe wake wa mwisho. Pale chini kila sentimita moja ya mraba inabeba karibu kilo 340. Angalia ukucha wa kidole chako kidogo cha mwisho, ndio kama ukubwa huo, uwekee magunia karibu manne ya mahindi, yale ya kilo 90. Alafu uzidishe kwa kila ukucha unaoweza kuenea juu ya chombo chenye urefu wa zaidi ya mita sita.

Mtu atauliza, na samaki je? Samaki wa huko chini hawabonyei kwa sababu ndani yao hakuna patupu, maji na nyama ndani, maji nje, presha inasukuma pande zote sawasawa. Kilichoko hatarini ni hewa peke yake. Mwaka 2001 wavuvi walimnasa silakanti nje ya Malindi, yule samaki wa kale ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za dainosari mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, na samaki huyu anaishi kwenye mapango ya chini chini mita mia moja na hamsini kwenda mbele, na pale ambapo samaki wengi wana kifuko cha hewa yeye ana mafuta. Mafuta hayabonyei. Lakini binadamu hawezi kuishi bila hewa, kwa hivo akishuka lazima abebe patupu pake, na ajenge ukuta wa kupalinda.

Na ukuta wa Titan ndio ulikuwa tatizo. Vyombo vingi vya kina hicho chumba chake cha watu ni mviringo kama mpira, wa chuma cha nguvu au titaniamu, kwa sababu duara linagawanya uzito sawa pande zote. Wao walijenga bomba refu la nyuzi za kaboni zilizosokotwa na kugandishwa, unene kama sentimita 13, ncha mbili wakagundisha pete za titaniamu na juu yake vikombe vya titaniamu. Nyuzi za kaboni ni hodari sana ukizivuta, kama kamba. Kamba ukiivuta inashika jahazi, lakini umeshaona kamba ikisimamisha kitu kwa kusukumwa? Zaidi ya hapo kuta za namna hiyo zinachoka kwa ndani, tabaka zinaachana kidogo kidogo bila kuonekana nje. Julai 2022 katika safari ya 80 chombo kikiwa kinapanda juu abiria walisikia kishindo kikubwa, na vipimo vya chombo chenyewe vikabadilika kuanzia siku ile, lakini hakikuvuliwa kikaguliwe, kikawekwa nje kikapigwa na baridi na barafu ya Kanada msimu mzima, alafu mwaka uliofuata kikarudishwa majini. Ripoti ya walinzi wa pwani wa Marekani iliyotoka Agosti 2025 ilisema wazi kwamba msiba ule ungeweza kuzuilika. Kwa hivo mimi nikisikia mtu anasema "ilitokea ghafla" nasema hapana. Ilichukua karibu mwaka mzima. Kilichokuwa ghafla ni kile kipande cha mwisho tu.

Na kile kipande cha mwisho ndio swali la bibi.

Kumbe hesabu yake ni ya zamani, ilifanywa na Lord Rayleigh kule Uingereza mwaka 1917, na hakuwa anafikiria nyambizi, alikuwa anafikiria propela. Mafundi wa boti wanaijua hii shida, propela inatoka majini imeliwa vishimo vishimo kama imeng'atwa na panya, chuma kizima. Zinazokula ni povu ndogo tupu zinazotokea nyuma ya pangaa likizunguka mbio, na kila povu likijifunga maji yanagongana pale katikati kwa nguvu ya kutoboa chuma. Rayleigh akauliza, tundu tupu ndani ya maji linachukua muda gani kujifunga? Jibu lake ni fupi. Chukua nusu ya upana wa tundu, zidisha kwa kipeuo cha pili cha uzito wa maji ukigawa kwa presha, alafu punguza kidogo, zidisha kwa 0.915. Basi.

Nikaweka namba za Titan. Upana wa ndani kama mita moja na nusu, presha ya mita 3,300 na ushei. Jibu lililotoka ni karibu sehemu nne za elfu ya sekunde. Sekunde moja igawe vipande elfu, chukua vinne. Nikarudia mara tatu nikidhani nimekosea nukta. Bomba refu si tundu la mviringo na kuta nazo zilikuwa na ugumu wake, ndio maana wahandisi wengine wanasema huenda ilikuwa mpaka ishirini za elfu, haidhuru, chukua hata hiyo ishirini. Maji ya kina kile yakipata patupu yanaingia kwa mwendo wa zaidi ya mita 180 kwa sekunde, yaani kilomita zaidi ya 600 kwa saa, hakuna ndege inayotua Manda kwa nusu ya mwendo huo.

Hii kitu si ya kule Atlantiki peke yake, inatokea hapa kwetu kila saa na tunaisikia. Ukizamisha kichwa kwenye miamba, au kwenye mkondo wa mikoko maji yakijaa, unasikia ta-ta-ta-ta isiyoisha, kama viazi vinavyokaangwa kwenye karai la mbali. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni bahari yenyewe inaongea. Ni kamba mdogo, urefu wa kidole, mwenye gando moja kubwa karibu nusu ya mwili wake. Analifunga lile gando kwa kasi mpaka maji yanachanika na kutokea povu, na mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi walimpiga picha kwa kamera ya kasi sana wakagundua kwamba mlio si wa gando kugongana, ni wa lile povu kubonyea. Mwaka uliofuata wakaona linatoa na mwanga kidogo sana, na joto ndani yake kwa ule muda linakaribia la uso wa jua. Hewa ikibanwa ghafla inapata joto kali, wenye injini za dizeli wanajua, haina plagi, inabana tu. Kwa hivo yaliyotokea Titan ni yale yale ya huyu kamba, ila tundu lilikuwa na ukubwa wa chumba na ndani mlikuwa na watu.

Haya, nne za elfu. Lakini namba peke yake haimjibu bibi. Bibi hakuuliza ilichukua muda gani, aliuliza waliona utungu. Na kuona utungu ni kazi, inafanywa na mwili, na kazi ina muda wake.

Jikwae kidole cha mguu kwenye ngazi ya mlango, kwa nyumba zetu hizi za mawe hakuna ambaye hajajikwaa. Kuna kile kitambo ambacho umeshajua umegonga, unajua kabisa itauma, na bado haijauma. Unangoja. Alafu inafika. Sisi wote tumeishi ndani ya kile kitambo bila kujiuliza ni nini, kumbe ni umbali. Mishipa ya fahamu inayobeba mguso inaenda mbio, kama mita 50 kwa sekunde, lakini ile inayobeba uchungu wa kuchoma na kuunguza ni nyembamba, inatembea mita moja hivi kwa sekunde, mwendo wa mtu anayerudi kutoka sokoni. Kutoka kidole cha mguu mpaka kichwani ni karibu mita moja na robo tatu. Hesabu mwenyewe. Zamani wasomi waliamini habari ya mwili haina mwendo, inafika papo hapo, mpaka mwaka 1850 Mjerumani Hermann von Helmholtz alipopima mshipa wa chura akapata kama mita 27 kwa sekunde, mwendo wa gari kwenye barabara nzuri. Mwalimu wake mwenyewe alikuwa ameandika kwamba jambo hilo halitapimika kamwe.

Rudi kwenye nne za elfu. Ule mshipa wa mbio, wa mguso, katika muda huo unasogea sentimita ishirini. Ukianzia ncha ya kidole cha mkono haujafika kiwiko. Wa uchungu haujasogea hata nusu sentimita, haujatoka kwenye ukucha. Jicho nalo linahitaji makumi ya zile sehemu za elfu ya sekunde kugeuza mwanga uwe habari kabla hata haijatumwa kichwani. Sikio ndio hodari kuliko wote, lakini hata sikio, kutoka mlio kugonga mpaka wewe kujua kwamba umesikia, ni zaidi ya mia moja za elfu. Ndio maana kwenye mbio za mita 100 kuna ile sheria, mkimbiaji akitoka kwenye vyuma chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya bunduki anahesabiwa ameiba, kwa sababu inachukuliwa kwamba hakuna binadamu anayesikia na kuondoka kwa muda mfupi hivo. Hata Omanyala wetu, aliyekimbia 9.77 pale Kasarani Septemba 2021, rekodi ya Afrika, hata yeye. Bunduki imeshalia, mlio umeshaingia sikioni, na kwa moja ya kumi ya sekunde yeye bado yuko kwenye dunia ambayo haijalia.

Ndani ya ile moja ya kumi Titan ingebonyea, ikarudiwa, ikarudiwa, mara ishirini na tano.

Kwa hivo habari ya kile kilichotokea haikumfikia hata mmoja wao. Si kwamba ilifika haraka ikawaumiza kidogo. Ilitumwa, na kabla haijatoka mlangoni aliyetumiwa hakuwepo tena.

Kuna jambo moja katika uchunguzi ambalo mimi nikilifikiria usiku silali vizuri. Meli iliyowabeba, Polar Prince, ilikuwa juu, na ndani ya chumba cha mawasiliano kulikuwa na mke wa mwenye chombo, mumewe ndiye alikuwa anakiendesha chini, na mke ndiye anapokea ujumbe. Kuna video. Kinasikika kishindo kidogo, kama mlango uliofungwa kwa mbali, anageuka anauliza ni nini hicho. Sekunde kidogo baadaye kwenye skrini unaingia ujumbe kutoka kwa mumewe kwamba wameangusha vyuma viwili vya uzito, kitu cha kawaida cha kupunguza mwendo wa kushuka. Wakatulia. Kumbe ujumbe ulikuwa umetumwa kabla, ukachelewa kwenye mitambo, na kile kishindo kilichosafiri majini kilometa moja na nusu kila sekunde kiliupita njiani. Sauti ilihitaji sekunde mbili na kitu kufika juu. Alipogeuka kuuliza, walikuwa wameshaondoka kwa sekunde mbili. Alipousoma ujumbe akatulia, alikuwa anasoma maneno ya mtu asiyekuwepo.

Na si wao peke yao. Nyambizi ya Argentina, San Juan, ilipotea Novemba 2017 na mabaharia 44, na sauti yake ilinaswa na vinasa sauti vya chini ya bahari vilivyowekwa kusikiliza majaribio ya mabomu ya nyuklia, kimoja kiko karibu na kisiwa cha Ascension, maelfu ya kilomita kutoka pale. Sauti ilisafiri majini kama saa moja hivi kufika. Jamaa za wale mabaharia walisimama kwenye ua wa kambi ya wanamaji na bendera na mishumaa, na chombo kilipatikana baada ya mwaka, mita 907 chini.

Sasa ya bibi.

Februari 1998, mimi mtoto wa madrasa bado, ami yangu, mwanawe bibi wa tatu, alikuwa anapiga mbizi ya kamba mawe na wenziwe upande wa Kiwayu. Ndio msimu wake, kaskazi, maji yametulia na kuona chini ni kuzuri. Hawana mitungi wale, ni pumzi tu na miwani na kijiti. Siku hiyo nilikuwa nyumbani nimekalia mbuzi nakuna nazi na bibi anasimulia kisa cha ami alipokuwa mdogo alivyomkimbiza bata wa jirani mpaka akaanguka kisimani, tumecheka mpaka bibi akajifuta machozi na kanga. Tukala mchana. Chakula cha ami akakifunika, kwa sababu alisema angerudi jioni ile.

Boti ilifika baada ya isha. Alizikwa usiku ule ule. Na mwenziwe alisema ilitokea asubuhi, jua halijapanda.

Bibi hajawahi kusema mengi kuhusu siku ile isipokuwa hilo moja, na analirudia kila mwaka kaskazi ikiingia: "Tulikuwa twacheka." Yaani kutwa nzima alikuwa mama wa watu watano na kumbe ni wanne. Habari ilikuwa njiani, inakuja na tanga.

Basi Idi ilifika, nyumba imejaa watoto na baluni, na mimi bado nina deni la jibu. Mpwa wangu wa miaka sita alikuwa anapasua baluni kwa sindano ya bibi ya kushonea kofia, akipasua moja anataka nyingine, nikachukua simu nikamrekodi kwa ile video ya polepole, ambayo inapiga picha 240 kwa sekunde moja. Nilipoiangalia nikashtuka, manake gawanya mwenyewe, kila picha moja ni karibu nne za elfu ya sekunde. Ni ile ile. Picha moja ndio Titan nzima.

Nikaenda kwa bibi, nikamkalia karibu nikamwonyesha picha moja moja. Hii hapa, baluni nzima, nyekundu, sindano imegusa, mtoto anacheka. Picha inayofuata baluni hakuna, kuna vitambaa vya mpira hewani. Bibi akasema rudisha. Nikarudisha. Nzima. Hakuna. Katikati pale hamna kitu cha kuonyesha.

Alafu akaweka miwani yake vizuri akasogeza simu karibu, akasema jambo ambalo mimi na hesabu zangu zote sikuliona. "Mtazame mtoto. Mato hayayafumba."

Kweli. Baluni imeshapasuka na mtoto bado anacheka, macho wazi, hata kope haijatikisika. Nikasogeza picha ya pili. Anacheka. Ya tatu. Anacheka. Ya nne, ya tano, vipande vya mpira vinashuka mbele ya uso wake na yeye bado yuko na baluni yake. Mpaka kama ya tisa ndio kope zikaanza kuteremka, na uso ukakunjika baadaye sana. Nikamwambia bibi, kila picha hapa ndio muda wa wale watu wote. Yeye mtoto alikuwepo kuipokea habari, ikamfikia picha ya tisa. Wale kufikia picha ya pili hawakuwepo.

"Basi hawakuyua," akasema.

Hawakujua, bibi.

Akanyamaza, watoto wanapita mbio ukumbini, na nikajua litakalofuata. "Na ami yako?"

Hapa singeweza kumpa nne za elfu kwa sababu si zake, na bibi si mtu wa kudanganywa. Nikamwambia ninayoyajua. Nikamkumbusha aliyosimulia mwenziwe, kwamba alimwona ami anapanda kutoka chini, kamba wawili mkononi, anapiga miguu taratibu kama kawaida, na zilipobaki kama pima mbili kufika juu miguu ikasimama. Hakupapatika. Kamba walimtoka mkononi. Na nikamweleza kwamba kinachomfanya mtu atamani kuvuta pumzi si kupungukiwa na hewa safi, ni kujazana kwa hewa chafu, na wapiga mbizi kabla ya kushuka huvuta na kutoa pumzi mara nyingi kwa haraka wakidhani wanajaza kifua, kumbe wanafukuza ile hewa chafu, na ndio wamemnyamazisha mlinzi wao. Akishuka, presha ya maji inaibana hewa kifuani inatosha. Akipanda, presha inapungua ghafla, na katika zile pima za mwisho kichwa kinakosa hewa bila mwili kulalamika. Mtu anazimika. Wengi waliowahi kuzimika hivo wakaokolewa husimulia kwamba kitu cha mwisho wanachokumbuka ni kwamba walikuwa sawa, wanapanda, wanaona mwanga wa juu.

Bibi alisikiliza yote bila kunikatiza. Alitaka kujua lile la mwanga tu, nikamrudia.

Alafu akaniomba simu. Mimi nikadhani anataka niiweke, kumbe anataka nimwekee ile ya mtoto tena, na nimfundishe kusogeza. Nikamshika kidole cha shahada nikamwonyesha. Akaanzia pale pa baluni nzima, akasogeza moja, akaangalia macho ya mtoto, akasogeza nyingine, na nikamsikia anahesabu polepole kwa sauti ya chini. Moya. Mbili. Tatu. Nne.